Usonji na malaria Tanzania

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano. Daktari Leo Kanner aliueleza mwaka 1943. Dhana iliyofuata, kwamba husababishwa na mama asiye na upendo, ilikuwa dhuluma na imekwishatupwa. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa 2006 uliwachunguza watoto 20, na 14 walitimiza vigezo vya usonji. Watatu kati yao, mdogo akiwa na miezi 22, walikuwa wakikua vizuri hadi malaria kali ilipowapata. Homa na degedege zilipokwisha, dalili zikajitokeza. Idadi hiyo haitoshi kuthibitisha chanzo. Hata hivyo, ipo mikoa yenye malaria nyingi, kama Tabora. Mtoto akipata degedege, awahishwe kituo cha afya.