Nafsi ya Tatu na Nafsi ya Kwanza: Uandishi wa Wanawake Waliovuka Jinsia, Ukitazamwa kutoka Pwani ya Kusini

Katika mwaka 1899 Michael Haberlandt alichapisha kwa Kijerumani maelezo mafupi juu ya watu fulani wa Unguja, akanukuu humo jina la Kiswahili: mke-si-mume. Jina hilo lastahili kutazamwa na mwanaisimu, kwa kuwa ni sentensi nzima iliyogandishwa ikawa nomino. Yakiri na kukanusha kwa pumzi moja. Walioitwa hivyo hawakuandika lolote katika maelezo hayo. Unni Wikan aliandika juu ya makhanithi wa Oman mwaka 1977, naye Gill Shepherd juu ya mashoga wa Mombasa mwaka 1987, akieleza jinsi walivyojifunga leso na kuchanganyika na wanawake harusini. Si wote waliotajwa humo ambao wangejiita wanawake, na kazi hizo zina manufaa yake. Lakini zote ni za nafsi ya tatu.

Nafsi hiyo ya tatu ilionekana ukali wake Kwale. Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa Ukunda, na kwa amri ya mahakama ya hakimu ya Kwale miili yao ikapimwa ili itoe ushahidi dhidi yao. Mahakama Kuu ya Mombasa iliyakataa malalamiko yao mwaka 2016; tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba upimaji ule ulivunja haki zao za kikatiba. Hao walishtakiwa wakiwa wanaume, wala siwahesabu miongoni mwa waandishi ninaowazungumzia. Nawataja kwa kuwa kesi yao yaonyesha fasihi hii inashindana na nini: desturi ya kuuliza mwili na kuacha kinywa.

Kinywa kilisema katika mkusanyiko uitwao Queer African Reader, uliohaririwa na Sokari Ekine na Hakima Abbas mwaka 2013. Humo Audrey Mbugua, mwanamke Mkenya aliyehesabiwa mvulana alipozaliwa, ahoji kama uanaharakati uliopo wawakomboa watu kama yeye au wawatiisha. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Oktoba, Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limpe cheti chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Ni waandishi wachache waliolazimika kupigania mahakamani jina lililo juu ya makala yao. Hasira ya nathari ile ni ya kusifiwa. Kasoro yake ni kwamba msomaji wake ni ofisa: mwandishi ajibu shtaka, na mwenye kujibu shtaka hana nafasi ya kueleza jikoni kulipikwa nini.

A. Revathi wa India, ambaye tawasifu yake ilifasiriwa na V. Geetha kutoka Kitamili mwaka 2010, aliipata nafasi hiyo. Kwake mna mama, mna ndugu wa kiume wenye mikono mizito, mna jamii ya mahijra yenye sheria zake ngumu. Hiyo naiweka juu ya Conundrum ya Jan Morris (1974), iliyoandikwa kwa ufasaha mkubwa, lakini ambamo uanamke mara nyingi ni kupendezwa na adabu za wanaume.

Je, vitabu hivi vikifika katika Kiswahili? Kwa Kiingereza, pale msimulizi anapobadili kiwakilishi ndipo kitabu kinapogeuka. Kiambishi chetu a- hakigeuki: alikuja, akaketi, akalia. Wako watakaosema lugha yetu basi ni ya haki kuliko zote. Sikubali. Jinsia imehamia nyumba nyingine: katika bin na binti, katika bwana na bibi, katika neno shoga, ambalo mwanamke humwita mwenziwe kwa mahaba na ambalo likielekezwa kwa aliyelelewa mvulana huwa ama tusi ama mlango uliofunguliwa.

Kidigo pia huweka mchetu na mlume katika ngeli moja. Lakini Wadigo wa Msambweni na Diani, kabla ya sheria ya Kiislamu na ya serikali kupunguza nguvu za desturi, walihesabu ukoo kwa mama, na mali ikapita kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Mwanamke ndiye aliyeuendeleza ukoo. Katika nyumba kama hiyo, mtu kusema "mimi ni mwanamke" si habari ya mavazi tu. Ni dai juu ya nani atahesabiwa wa nani. Riwaya ya dai hilo ingekuwa na maudhui ambayo Morris hakuyajua, na ambayo hata Revathi hakuwa nayo.

Nyumba kubwa kuliko zote ni kitenzi kuoa. Mume huoa, mke huolewa, na mnyambuliko hauna huruma. Revathi anasimulia ndoa yake na mwanamume. Mfasiri aweza kukimbilia "walifunga ndoa", naye atasalimika. Mimi ningeandika "aliolewa", pasipo maelezo pembeni.