Malale Uganda, 1901–1909: Kuutambua Ugonjwa na Kuutibu

Ukiuliza darasani ni nani aliyegundua chanzo cha malale, jibu la haraka ni David Bruce. Jina hilo lastahili kutajwa. Hata hivyo, katika insha hii nadai kwamba kuutambua ugonjwa huo ilikuwa kazi ya mikono mingi, ikiwemo ya Waganda wenyewe, na kwamba kuutambua ugonjwa si sawa na kuutibu.

Mwaka 1901 madaktari wamisionari wawili, Albert Cook na ndugu yake Jack, waliwapokea wagonjwa wa ajabu katika Hospitali ya Mengo, hapa Kampala. Walikuwa na homa, udhaifu na kuchanganyikiwa akili, kisha usingizi uliowafikisha kaburini. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota.

Mwaka 1902 Royal Society ya London ilituma tume Entebbe. Mjumbe mmoja, Aldo Castellani, alidhani kwanza kwamba chanzo ni bakteria. Baadaye, alipochunguza kwa hadubini maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, aliona vimelea vya tripanosoma. Bruce alipowasili Machi 1903 alipewa habari hiyo, akaifuatilia.

Bruce alikuwa amekwisha kuchunguza nagana ya ng'ombe huko Zululand, ambako mbung'o ndiye aliyeieneza, kwa hiyo alimshuku mdudu huyo. Lakini shaka si ushahidi, na tume yenye watu wachache isingeweza kukagua nchi nzima. Aliomba msaada wa Katikiro Apolo Kagwa. Kupitia machifu na wamisionari, watu wa sehemu mbalimbali walikusanya inzi wanaouma, wakawapeleka pamoja na habari kama malale yapo kwao au hayapo. Kila sehemu ikawekwa alama kwenye ramani. Palipokuwa na malale, karibu na maji, ndipo palipokuwa na mbung'o. Kwa maoni yangu, ramani hiyo ni ushahidi mkubwa sawa na hadubini ya Castellani, ila waliokusanya inzi hao hawatajwi kwa majina vitabuni.

Tiba haikufuata upesi. Mwaka 1906 Robert Koch alikuja visiwa vya Sese akawadunga wagonjwa atoxyl, dawa yenye aseniki. Vimelea vilitoweka kwenye damu, lakini wengi waliugua tena, na baadhi walipofuka macho kwa sababu ya dawa yenyewe.

Kwa kukosa tiba, serikali iliamua kuwatenganisha watu na mbung'o. Gavana Hesketh Bell aliamuru wakazi wa ufuoni mwa ziwa wahamishwe bara, na kufikia 1909 watu wa Sese nao walikuwa wakiondolewa. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa katika mlipuko huo. Wapo wanaosema amri ile ilikuwa ya lazima. Nakubali kwamba njia zilikuwa chache. Hata hivyo, mvuvi aliyeacha mtumbwi, migomba na makaburi ya wazee wake alilipa gharama ambayo haihesabiwi tunapopima mafanikio ya hatua hiyo.

Leo hali ni tofauti. Kuna vidonge vya fexinidazole, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imeondoa malale ya aina ya gambiense kama tatizo la afya ya umma. Aina ya rhodesiense ingali inahitaji uangalizi.

Kwa kumalizia, naona historia ya malale inatufundisha kuuliza maswali matatu kuhusu kila ugonjwa: nani aliutambua, nani alitibiwa, na nani alilipa gharama? Vitabu vyetu vimelijibu vizuri swali la kwanza, tena kwa nusu tu. Mawili yaliyobaki yanatungoja sisi wanafunzi, kwenye makumbusho ya nyaraka na vinywani mwa wazee wa Sese.