Nywele Zako Zinajua Kama Wewe ni Timu Ugali au Timu Chipo

Jumamosi iliyopita nilikaa Kenyatta Market masaa matano. Kama hujawahi kusukwa huko, mambo ni hivi: unakalishwa kwa kiti cha plastiki, wasusi watatu wanavamia kichwa kimoja, kila mtu na upande wake, na moshi wa nyama choma kutoka kwa vibanda unakufuata hapo ulipo. Shingo huwezi kugeuza. Simu huwezi kushika vizuri. Unabaki kufikiria tu. Mimi nilifikiria biolojia, na msinicheke.

Kuna swali lilinimaliza nikiwa kidato cha pili. Niliandika kwamba mimea hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, nao wanyama hupumua, kama kazi mbili za watu wawili wasiojuana. Nikala sufuri. Kumbe mmea nao unapumua. Seli ya jani la mhindi ina kloroplasti ya kushika mwanga na kuunda sukari, na pia ina mitokondria, zilezile alizo nazo mbuzi, za kuvunja sukari hiyo ipate nishati ya kuishi, mchana na usiku. Mbuzi hana kloroplasti, kwa hivyo anaiba sukari ya majani. Halafu sisi tunakuja na kachumbari tunamwibia mbuzi.

Hiyo habari ya kuvunja sukari ilianza kueleweka kando ya mkaa, kihalisi. Majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimfungia mnyama mdogo, yule anayefanana na sungura wa masikio mafupi, ndani ya chombo kilichozungukwa na barafu huko Paris. Wakapima joto la mwili wake limeyeyusha barafu kiasi gani. Wakalinganisha na mkaa unaoungua ukitoa kaboni dayoksaidi kiasi kilekile. Hesabu zikakaribiana, wakasema: kupumua ni kuungua polepole. Kwa hivyo pale kwa jiko mkaa unaungua nje, na nyama iliyo juu yake itaungua ndani yako, kwa oksijeni ileile ya Nairobi.

Tofauti ni kwamba seli haiachi moto ulipuke mara moja. Mwaka wa 1929 Karl Lohmann alitambua ATP, ile molekuli ambayo seli hutumia kama chenji ndogondogo za nishati. Mwaka wa 1961 Peter Mitchell akaeleza jinsi mitokondria inavyotengeneza chenji hizo: inasukuma protoni upande mmoja wa utando hadi zirundikane, kisha zinarudi kwa nguvu kupitia kimashine kidogo. Fikiria maji ya bwawa la Masinga yakizungusha mitambo ya umeme. Wataalamu wengi walimpinga miaka mingi. Akapata Nobel 1978. Kloroplasti pia hutumia ujanja huohuo wa bwawa, ila yake inajazwa na mwanga.

Kwangu shuleni kitabu kilifungwa hapo. Wazungu wa wigi, wazungu wa maabara, kwisha. Nilitoka darasani nikiamini hii historia haina mtu wa huku.

Sasa turudi sokoni, kwa sababu hapo kwa choma kuna kitu. Agiza nusu kilo ya ng'ombe na nusu ya mbuzi. Unaweza kudhani ni nyama tu, lakini kaboni iliyo ndani yake si sawa. Ng'ombe wa malisho amekula nyasi. Mbuzi, mkimwacha ajichagulie, anapenda majani ya vichaka. Na nyasi zetu za nchi za joto hazishiki kaboni jinsi kichaka kinavyoshika.

Shida iko kwa kimeng'enya kinachoitwa rubisko, ambacho ndicho hukamata kaboni dayoksaidi ndani ya jani. Ni kizembe, aki. Kinachanganya kaboni dayoksaidi na oksijeni, na joto likizidi kinakosea zaidi, mmea unapoteza nishati bure. Kichaka, ngano, mchele, viazi na sukuma wiki wanaishi na hasara hiyo. Lakini nyasi za savana, pamoja na mahindi, mtama, wimbi na miwa, zilipata njia ya mkato. Seli za nje za jani hukamata kaboni kwanza kwa kimeng'enya kingine kisichochanganyikiwa, zinaunda asidi yenye kaboni nne, kisha zinaipeleka seli za ndani ambako rubisko inapewa kaboni dayoksaidi nyingi isipate nafasi ya kukosea. Unalipa ATP za ziada, lakini unaokoa maji na hujali jua kali. Wanasayansi huita mimea hii C4. Njia yenyewe ilielezwa na Hal Hatch na Roger Slack huko Australia mwaka wa 1966, wakichunguza miwa.

Na hapa ndipo Nairobi inaingia. Karibu asilimia 1 ya kaboni duniani ni kaboni 13, nzito kidogo kuliko ile ya kawaida, kaboni 12. Mimea ya C4 hubakiza kaboni 13 nyingi kuliko ile mingine. Ukiila, au ukila aliyeila, alama hiyo inaingia mwilini mwako na kukaa. Meno huihifadhi kwa mamilioni ya miaka.

Mnamkumbuka Zinj? Lile fuvu la magego makubwa alilolipata Mary Leakey kule Olduvai, Tanzania, mwaka wa 1959. Watu walimwita mvunja njugu kwa sababu ya hayo magego. Mwaka wa 2011 Thure Cerling pamoja na wenzake, wakiwemo Emma Mbua na Fredrick Kyalo Manthi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walikwangua unga kidogo kutoka kwa meno ya jamaa zake Zinj waliopatikana hapa Kenya. Majibu: wastani wa asilimia 77 ya chakula chao ilitokana na mimea ya C4. Si njugu. Ni nyasi na ndugu za nyasi. Mwaka wa 2023 utafiti mwingine wa maeneo ya kale ya Kenya na Uganda ukaonyesha kwamba nyasi za C4 zilikuwa nyingi huku zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, mapema kwa zaidi ya miaka milioni 10 kuliko vile watu walivyodhani.

Mbua na Manthi. Hayo majina sikuyasikia darasani hata siku moja, na Makumbusho tulipelekwa kwa basi la shule mara mbili. Tukaonyeshwa nyoka. Sina ubaya na nyoka, lakini hiyo inaniuma kuliko ile sufuri.

Msusi wangu alicheka nilipomwambia nywele pia zinaweka hiyo alama. Ni kweli, lakini. Cerling na watu wa Samburu, akiwemo Iain Douglas-Hamilton, walichukua nywele za mkia za familia moja ya ndovu na kusoma miaka 6 ya chakula chao: mvua ikinyesha alama ya nyasi inapanda, kiangazi ikirudi wanarudi kwa miti. Nywele zetu huota kama sentimita moja kwa mwezi, na chakula cha kila mwezi kinaandikwa hapo. Ugali na maziwa ya ng'ombe wa nyasi vinaandika C4. Chipo, chapo, wali na maharagwe vinavuta upande ule mwingine.

"Na hizi je?" akaniuliza, akiinua pakiti ya nywele bandia. Hizo ni plastiki, zimetokana na mafuta ya petroli, yaani vijimea na vijidudu vya bahari vya kale vilivyoishi kwa jua na kuzikwa. Akachovya ncha kwa maji moto, akanifunga taulo mabegani.

"Kwa hivyo mrembo, una jua la zamani limeshonwa juu ya jua la juzi."

Nywele zangu halisi zina sentimita kumi na mbili. Ile Desemba yangu yote ya chipo iko hapo ndani, karibu katikati. Nikamlipa, nikaenda kununua nusu ya mbuzi.