Mama Msahaulifu: Historia ya ADHD kwa Watu Wazima

Mara nyingi katika kipindi hiki tunazungumza juu ya mtoto. Leo mgonjwa wetu ni mama mwenyewe.

Tuseme kuna mama muuza mboga pale Matisi. Maharagwe yake yameungua mara tatu wiki hii, kwa sababu alitoka kuchota maji, akakutana na jirani, akasahau. Siku ya mchango wa chama humpita ilhali pesa anazo. Huloweka nguo, kisha huziacha akaenda kupalilia, na jembe nalo huliacha hukohuko shambani. Mumewe humwita mvivu, naye ameamini. Ndipo mwalimu anamwita: mtoto wako hatulii darasani, mpeleke hospitali. Daktari anapouliza maswali kuhusu mtoto, mama anahisi kana kwamba ni yeye anayeulizwa.

Watu wazima wengi huingilia mlango huo. Si ajabu, kwa maana hali hii hurithiwa sana katika ukoo, na uchunguzi wa mapacha umelithibitisha jambo hilo. Inaitwa ADHD, yaani upungufu wa umakini na kutotulia. Si uvivu, wala si kukosa akili.

Sasa, mbona mama huyu alifika umri huu bila mtu kumwambia?

Mwaka 1902 huko London, daktari wa watoto George Still alieleza habari za watoto 43 ambao hawakuweza kujizuia, ingawa wengine wao walikuwa na akili nzuri. Alisema wamepungukiwa na nguvu ya kujiongoza kimaadili. Sikilizeni neno hilo, maadili. Lawama ilianza mapema. Mwaka 1937 kule Marekani, Charles Bradley aliwapa watoto 30 dawa ya kuchangamsha mwili, na kwa mshangao wake wengi walisoma vizuri zaidi. Wote hao ni watoto. Kitabu cha mwongozo cha madaktari wa akili wa Marekani cha mwaka 1968 kiliiandika kuwa hali ya utotoni, ambayo kwa kawaida hupungua mtu anapobalehe. Kwa hiyo mtu mzima hakuulizwa.

Mwaka 1976 Paul Wender na wenzake katika jimbo la Utah walitibu watu wazima wenye dalili hizohizo, wakaona wengi wanapata nafuu. Mwaka 1980 kitabu kile kikabadilishwa. Kikakubali kwamba mtu anaweza kukosa umakini bila kurukaruka. Kwangu mimi, hapo ndipo wanawake walipofunguliwa njia, maana msichana anayeota mchana akiwa ameketi kimya hasumbui mwalimu, na asiyesumbua hapelekwi popote. Mwaka 2013 wakaongeza kwamba kwa mtu mzima dalili tano zatosha badala ya sita, mradi baadhi zilianza kabla ya umri wa miaka 12.

Na kwetu Kenya? Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 kama nyumba ya kuwafungia waliosemekana kuwa wazimu. Daktari wa kikoloni J. C. Carothers aliisimamia tangu 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, ambamo alidai kwamba Mwafrika haitumii vya kutosha sehemu ya mbele ya ubongo, akamlinganisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa. Sehemu hiyohiyo ya ubongo ndiyo inayotusaidia kupanga mambo na kujizuia! Daktari anayeamini kwamba taifa zima limezaliwa hivyo, atamchunguza vipi mtu mmoja mmoja? Madaktari Waafrika, kama Thomas Lambo wa Nigeria, waliyapinga mawazo hayo. Lakini woga wa neno Mathari umebaki vijijini hadi leo, na mama anayesahau hataki kuonekana karibu na daktari wa akili.

Anza na hospitali ya kaunti hapa Kitale. Wakikutuma Eldoret, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ina kitengo cha afya ya akili. Hakuna kipimo cha damu wala eksirei inayoonyesha ADHD. Damu ikitolewa ni kutafuta mengine yanayofanana nayo, kama upungufu wa damu au ugonjwa wa tezi ya shingo. Utaulizwa pia kuhusu usingizi na huzuni ya muda mrefu, kwa maana hayo nayo huiba umakini. Dawa zipo, ila zinaweza kupandisha presha na kuharakisha mapigo ya moyo, kwa hiyo usizitafute dukani kwa shauri la jirani. Na kama una mimba au unanyonyesha, mwambie daktari kwanza.

Daktari atataka hasa kujua ulivyokuwa mtoto. Nenda na aliyekulea: mama, shangazi au dada mkubwa. Na zile ripoti za shule, kama hazijaliwa na mchwa, zibebe. Pale mwalimu alipoandika kwamba ungefanya vyema zaidi kama ungetulia, daktari atapasoma kwa makini.