Wima, Mita Kumi

Mzee ninayemhudumia katika nyumba ya wazee hapa Ulm, kusini mwa Ujerumani, amevuka miaka tisini, na mkono wake wa kushoto hauwezi tena kushika kikombe bila kumwaga. Jioni moja nilimwambia kwamba nimeanza kwenda kwenye klabu ya shabaha ya mtaani kwangu. Akaniomba nimsimamishe. Nikamshika kiunoni. Akageuza ubavu wa kushoto ukaelekea dirishani, akatanua miguu kiasi cha upana wa mabega, akasukuma nyonga mbele kidogo, akaegemeza kiwiko cha kushoto hapo hapo juu ya mfupa wa nyonga. Mkono ule unaotetemeka mchana kutwa ukatulia.

"Mfupa, binti, si msuli," akaniambia. "Msuli huchoka. Mfupa haujui kuchoka."

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Kwetu bunduki ya Mjerumani ina historia ya vita tu. Novemba 1914, Waingereza waliposhuka pwani yetu na jeshi lao kutoka India, askari wengi wa Kiafrika waliopigania upande wa Wajerumani walikuwa wameshika Mauser za muundo wa 1871, bunduki za baruti nyeusi zilizokwisha kupitwa na wakati. Kila ukifyatua, wingu la moshi linakwambia adui uko wapi. Bibi yangu alikuwa akiutaja moshi huo kama kitu alichokiona mwenyewe, ingawa alisimuliwa na wakubwa zake. Kwa hiyo mama aliposikia kwenye simu kwamba kila Jumanne usiku binti yake analenga shabaha, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, hao wazee wanatunzwa kwa bunduki?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilianza kumtafutia jibu, na nililolikuta ni historia ya watu maskini kuliko nilivyodhani.

Vyama vya walenga shabaha ni vya kale katika miji ya Kijerumani. Vilianza na pinde zilizofungwa kwenye kitako cha mbao, kazi yao kulinda kuta za mji, na mara moja kwa mwaka wakashindana kumwangusha ndege wa mbao aliyewekwa juu ya mlingoti. Aliyeangusha kipande cha mwisho aliitwa mfalme hadi mwaka unaofuata. Desturi hiyo ingali hai. Nimeyaona maandamano yao, na mikufu ya fedha shingoni mwa wafalme wao. Mwaka 1861, mjini Gotha, vyama hivyo viliungana kuwa shirikisho moja la Ujerumani nzima. Hayo ni ya sherehe na bendera. Kinachonigusa zaidi ni kilichokuwa kikifanyika majumbani.

Huko Salzburg, katika miaka ya 1770, familia ya Mozart, ndiyo, yule mtunzi wa muziki, ilikuwa na mchezo wa kukutana na marafiki na kulenga shabaha ndani ya nyumba. Bunduki zao zilitumia upepo, na badala ya risasi zilirusha vishale vidogo. Walipohamia nyumba yenye ukumbi wa kuchezea dansi, ukumbi huo huo ukawa uwanja wao. Shabaha zilikuwa mbao zilizochorwa, na mara nyingi mchoro ulimtania mmoja wa wanachama. Kijana Wolfgang aliposafiri kwenda Mannheim mwaka 1777, nyumbani walilenga kwa niaba yake, na baba yake akamwandikia barua za kumpa matokeo. Nilipomsomea mama habari hii, kwa mara ya kwanza alicheka. "Kumbe ni mchezo wa baraza," akasema. Naam, ni mchezo wa baraza.

Karne iliyofuata, Wabavaria walitengeneza bunduki yao ya ndani ya nyumba, Zimmerstutzen. Tundu la mtutu wake ni la milimita 4 hivi, kirisasi chake ni kama punje ya mtama, na umbali ni mita 15. Ilipigwa wima, bila kuegemea kitu, wakati wa baridi, theluji inapofunika mashamba na mkulima hana la kufanya. Mahali pake palikuwa ukumbi wa baa ya kijiji. Mzee wangu anasema babu yake alikuwa nayo, na aliitunza kuliko saa ya ukutani.

Kisha ukaja mwaka 1945. Mataifa yaliyoishinda Ujerumani yaliamuru silaha zote za raia zisalimishwe, na mwezi wa Desemba mwaka huo yakatoa agizo la kuvunja michezo yote yenye sura ya kijeshi. Bunduki ya babu ikaenda. Mzee alikuwa mtoto wakati ule; anakumbuka rundo la bunduki mbele ya ofisi ya kijiji na wanaume wazima wakilitazama bila kusema neno. Hasikitikii hata kidogo bunduki za vita. Anaisikitikia ile ya punje ya mtama.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, maana mchezo tunaoucheza leo ulizaliwa katika uhaba huo. Wajerumani waliporuhusiwa kukutana tena, kilichowezekana kwanza ni bunduki ya upepo. Haina baruti, haina moto, ni springi tu inayosukuma pistoni, na pistoni inasukuma upepo. Viwanda vya silaha navyo vilikuwa vimevunjwa. Anschütz, waliotoka Zella-Mehlis upande wa mashariki, walianza upya hapa Ulm mwaka 1950. Walther nao walihama kutoka mji huo huo wakaja upande huu. Kule Oberndorf kwenye mto Neckar, mji wa Mauser zile zile za bibi yangu, kiwanda kilibomolewa na Wafaransa, na wahandisi wake wawili, Karl Westinger na Ernst Altenburger, wakaanzisha karakana yao, Feinwerkbau. Shirikisho la walengaji lilifufuliwa mwaka 1951.

Mzee anasimulia jinsi klabu ya kijiji chao ilivyoanza tena. Wanachama kumi na wanne, bunduki mbili. Ijumaa jioni meza za baa zilisukumwa ukutani, mtu akapima mita 10 kwa kamba iliyotiwa fundo, na nyuma ya karatasi za shabaha wakaweka sanduku la mbao lililojazwa matambara. Koti maalumu hakuna. Kila mtu alivaa sweta mbili nene. Viatu ni vile vile vya shambani, kwa sababu soli yake ni bapa. Nilimuuliza kwa nini walipiga wima na si kwa kulala, maana kulala ni rahisi zaidi. Akasema ukumbi ulikuwa mfupi na sakafu ina bia. Tena wima ndivyo babu zao walivyopiga.

Tatizo la bunduki ya springi ni kwamba inaruka kabla kirisasi hakijatoka. Feinwerkbau walilitatua mwaka 1961 kwa muundo wao wa 150: ukifyatua, mtambo wote pamoja na mtutu unateleza nyuma kidogo juu ya reli, na kitako begani kinabaki kimetulia. Mwaka 1966 bunduki ya upepo ikaingia kwenye mashindano ya dunia yaliyofanyika Wiesbaden. Mwaka 1984, Los Angeles, ikaingia Olimpiki. Philippe Heberlé wa Ufaransa akashinda kwa wanaume, Pat Spurgin wa Marekani kwa wanawake, kwa pointi 393 kati ya 400. Tangu 1989, nukta ya kumi katikati ya shabaha ina upana wa nusu milimita, nayo unailenga kutoka mita 10, umesimama kwa miguu yako miwili. Mwaka 2008 mchezo huu ulimpa Abhinav Bindra medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki ya mtu binafsi katika historia ya India.

Nilipofika klabuni mara ya kwanza, karibu niondoke. Walengaji wa timu walikuwa wamevaa makoti magumu ya turubai na ngozi, suruali za namna hiyo hiyo, viatu vinavyowafanya watembee kama bata. Bei yake ni mshahara. Lakini mkufunzi alinifungulia kabati akanipa Feinwerkbau 300 ya klabu, yenye wenzo wa pembeni wa kuivutia springi, na umri wake unanizidi. Ina uzito wa karibu kilo tano. Nikavaa sweta na raba za soli nyembamba.

Mwezi mzima sikuhesabu pointi. Nilijifunza kusimama. Unajipanga kwa shabaha, unafumba macho, unavuta pumzi mbili, unafumbua. Ukikuta mtutu umehama kushoto, usiuvute kwa mikono. Sogeza mguu wa nyuma. Kichwa kinabaki wima, kitako ndicho kinachopanda kulifuata shavu. Unatoa pumzi nusu, unasubiri pete ya mbele ilizunguke duara jeusi, unakibana kifyatulio polepole, na kirisasi kikishatoka unabaki vile vile ulivyo, unahesabu mbili, ndipo unashusha. Hilo la mwisho ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi. Na sekunde nane zikipita hujafyatua, shusha bunduki upumzike. Walengaji hodari niliowaona hushusha mara nyingi kuliko wanaoanza.

Kwa hiyo nawaambia Waswahili wenzangu mlioko huku, hasa kina dada mnaodhani mchezo huu si wenu: msianze dukani. Ujerumani mtu wa miaka 18 anaweza kununua bila leseni bunduki ya upepo yenye alama ya herufi F ndani ya pembetano, na ndiyo sababu wengi hununua haraka kitu kisichowafaa. Nendeni klabu jioni ya mafunzo, ombeni kuazimwa bunduki ya kabatini, vaeni sweta. Mlioko nyumbani, sheria ni nyingine. Ulizeni polisi kwanza kabla hamjagusa chochote.

Karatasi yangu ya kwanza yenye matundu matatu kwenye nukta ya kumi nilimpelekea mzee. Ameibandika ukutani juu ya kitanda chake, karibu na dirisha.