Diski shingoni haikutufunza Kiingereza

Wapo walimu wanaoamini hadi leo kwamba mwanafunzi huimudu lugha akitishwa. Imani hiyo ni kongwe. Karne ya 19, katika baadhi ya shule za Wales, mtoto aliyeongea Kiwelisi alivishwa kibao shingoni. Hapa kwetu, Ngũgĩ wa Thiong'o anasimulia katika Decolonising the Mind (1986) jinsi wanafunzi walivyoadhibiwa kwa kunaswa wakiongea Kikuyu, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka wa 1952. Mkoloni akaenda zake, kibao kikabaki.

Sisi tuliosomea Kachibora, kaunti ya sasa ya Trans Nzoia, tulikiita diski. Mbukusu, Mkalenjin na Mkikuyu tuliunganishwa na Kiswahili, lakini diski ilipoanza kuzunguka, uwanja mzima ulikuwa kimya. Waliojua sarufi ndio walionyamaza zaidi, kwani waliyatambua makosa yao kabla hawajayatamka.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mwanafunzi aliyevuka hatua ya kati ana msamiati na kanuni; anachokosa ni mazoezi ya kuzungumza bila kuchekwa. Mimi Kiingereza kilinitoka kwenye mdahalo wa Ijumaa, tukibishania bei ya mahindi, mwalimu akingoja tumalize ndipo asahihishe.

Katiba ya 2010 imevitambua Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Basi, mwalimu, itupe diski hiyo, umpe mtoto hoja ya kubishania. Ulimi haufunguliwi kwa kamba ya shingoni.