Kabla ya Pedi Kulikuwa na Nta

Husimuliwa kwamba mwaka 1935, huko Palos Verdes, California, kijana Alfred Gallant aliona nta ya sakafu inavyoshika nyayo, akaipaka kwenye ubao wake wa mawimbi. Nta ikatawala miongo minne, pamoja na kasoro yake: jua kali likiipata, inayeyuka.

Katika miaka ya 1970 Herbie Fletcher, naye wa California, akaja na Astrodeck, pedi ya kubandika juu ya ubao ili miguu isiteleze. Mwaka 1981 Simon Anderson wa Australia alishinda mashindano ya Bells Beach kwa ubao wa mapezi matatu. Ubao wa namna hiyo huzungushwa kwa kukandamiza mguu wa nyuma juu ya mapezi, na ndipo pedi ya mkiani mwa ubao ilipopata kazi yake hasa.

Mimi moyo wangu uko kwa wanaoteleza mawimbini kwa kupiga magoti, wafuasi wa George Greenough, aliyeteleza hivyo katika miaka ya 1960 kwa vibao vyake vyembamba. Wao pedi ya mkiani haiwatoshi. Magoti yanataka sponji nene. Ninapowabandikia, kwanza mwenyewe apige magoti juu ya ubao mkavu, nami nizungushe penseli pembeni mwa magoti yake. Kisha nakwangua nta yote, nafuta kwa spiriti, nabandika nikikandamiza kutoka katikati kwenda kingoni ili hewa itoke. Gundi naiachia siku nzima kabla ya kuguswa na maji, hata mawimbi yawe mazuri kiasi gani.